Kwa Baba Yetu Clement Simbeye, Aliyeendesha Baiskeli Hadi Iringa

Leo umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, ukiwa na miaka hamsini na sita. Mimi Witness, mwanao wa kwanza, nimepewa kalamu na familia nikuandikie kwa niaba ya wote. Mama amekaa hapa pembeni yangu, na kila nikimaliza sentensi ananiambia niisome kwa sauti.

Anasema nianze na kazi yako. Ulikuwa fundi baiskeli hapa Tunduma kwa miaka thelathini na moja, kando ya barabara ya malori, chini ya bati moja na turubai. Hukumrudishia mtu baiskeli yake kabla hujaiendesha mwenyewe hadi njia panda na kurudi. "Nikianguka mimi ni sawa," ulikuwa ukiwaambia wateja. "Wewe una watoto wanakungoja." Kana kwamba sisi tulikuwa hatukungoji.

Madereva wa Zambia walikuita Bashi-Witness, kwa Kibemba chao, yaani baba yake Witness. Nilikua nikijivuna kwamba jina langu linajulikana hadi Ndola.

Jumapili uliimba besi kwenye kwaya ya ushirika wetu wa Kimoraviani. Ulichelewa kidogo kuanza na ukachelewa kidogo kumaliza, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyeweza kukubadilisha. Siku hizi wanamaliza wote kwa pamoja. Sisi tunaona kama wimbo umekatika.

Lakini watu wakikutaja mjini hawaanzi na kwaya wala ufundi. Wanaanza na safari ya Iringa, na sisi tunataka kuisimulia hapa kama ilivyokuwa, maana wewe mwenyewe hukuwahi kuisimulia vizuri.

Ilianzia kijijini kwetu, kule Msangano, tulipokwenda kumzika mama mmoja jirani aliyefariki akijifungua. Zahanati ya kijiji haikuwa na chumba cha kuzalia. Wanakijiji walikuwa wamejenga boma la wodi ya wazazi kwa nguvu zao, wakafika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, wakaishiwa. Miaka minne boma lilisimama hivyo bila paa, majani yameota ndani hadi kiunoni. Baada ya mazishi uliingia humo peke yako, ukakaa muda mrefu. Ulipotoka ulimwambia rafiki yako Mwalimu Edson, "Mimi sina bati. Nina miguu."

Mwalimu akacheka. "Miguu inaezeka?"

"Tutaona," ukasema.

Wiki ile ile ukaanza kuzunguka madukani. Wengine walikuona umechanganyikiwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mpemba ndiye aliyekusikiliza hadi mwisho. Ulimweleza kwamba wewe na marafiki zako mtaendesha baiskeli kutoka Tunduma hadi Iringa, na anayependa atoe kitu kwa ajili ya lile boma. Akafikiri, akasema, "Kila kilomita kumi, bati moja. Lakini muendeshe kweli." Wenye maduka wawili waliposikia hivyo nao wakaahidi vivyo hivyo, na mwingine akaahidi saruji.

Mama alikataa kabisa. Ananiruhusu niandike hivyo. Alikwambia, "Baba Witness, umri huo, na barabara ile ya malori? Nitamwambia nini mama yako?" Ukamjibu kwa upole kwamba mama yako ndiye wa kwanza uliyemwambia, na amekubali. Mama akaenda kukutafutia sweta.

Mliondoka sita, mwezi wa kumi na moja mwaka juzi. Ulikuwepo wewe, Mwalimu Edson, Yonasi wa buchani, na wanakwaya wenzako watatu. Hakuna aliyekuwa na baiskeli ya mashindano. Zilikuwa baiskeli nyeusi za kawaida, hizi zinazobeba magunia, na wewe ulizifungua zote na kuzifunga upya, nati kwa nati. Vwawa watu walisimama sokoni wakawapigia makofi. Mlilala Mbeya siku ya kwanza, na siku ya pili mkalala Igawa.

Ulipofika nyumbani baada ya siku zile tulikuuliza, "Baba, ilikuwaje?" Ukasema, "Salama. Tulinyeshewa kidogo." Ukaomba maji ya kuoga. Hayo ndiyo yote uliyotuambia.

Mengine tuliyasikia kaburini kwako, Mwalimu Edson aliposimama kukuaga. Alisema hivi.

Siku ya tatu, kwenye mwinuko wa kutoka Igawa kwenda Makambako, mvua iliwakuta. Haikuwa ya kunyeshewa kidogo. Ilikuwa mvua ya upepo, ya baridi, hadi mikono haishiki breki. Goti la Yonasi lilikuwa limevimba tangu asubuhi, na alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu. Ndipo lori tupu la Zambia, lililokuwa linafuata mzigo Dar es Salaam, likasimama mbele yenu, na dereva akatoa kichwa dirishani. "Bashi-Witness! Pandeni, mtakufa hapa! Nawashusha Makambako!"

Wote walifurahi. Wakaanza kupandisha baiskeli. Wewe ukamsaidia Yonasi kupanda, ukampa sweta lako, kisha ukashuka na kushika baiskeli yako.

Mwalimu akakuita. "Clement, twende. Nani atatuuliza?"

Ukamwambia, "Yule wa Mpemba alisema tuendeshe kweli. Nyie nendeni, wala hamna kosa, Yonasi ni mgonjwa. Kilomita za hapa nitaziendesha mimi kwa ajili ya wote."

Hukuwakasirikia wala hukuwahubiria. Mwalimu alisema ungewafokea kidogo tu, wangekwenda zao Makambako wakiwa na amani. Lori likaondoka. Wakakaa nyuma kule wakikutazama ukisimama juu ya pedali, ukizidi kuwa mdogo barabarani hadi mvua ikakufunika. Baada ya kilomita nne hivi Mwalimu akaanza kupiga bodi ya lori kwa ngumi. Dereva akasimama akidhani kuna mtu ameanguka. Wanne wakashusha baiskeli zao. Yonasi naye alitaka kushuka, wakamkatalia.

Wakageuza, wakateremka. Mkakutana katikati, wao wanashuka, wewe unapanda.

"Mmesahau nini?" ukawauliza.

"Kilomita zetu," Mwalimu akasema.

Wangeweza kuendelea na wewe kutoka pale pale. Lakini walitaka kuanzia mahali walipopandia lori, na wewe, Baba, badala ya kuwasubiri chini ya mti, uligeuza baiskeli yako ukashuka nao, kisha ukapanda nao tena. Kipande kile ulikiendesha mara mbili. Mkafika Makambako giza linaingia, mkamkuta Yonasi na yule dereva wamewangoja na chai.

Mwalimu aliposema hayo kaburini, Mama aliinua uso. Tangu asubuhi alikuwa hajainua uso. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Huyo ni mume wangu."

Mlifika Iringa siku ya tano. Mliporudi, Yonasi alikwenda mwenyewe Mpemba kumwambia mwenye duka kwamba kutoka katikati ya mlima ule hadi Makambako hakuendesha, kwa hiyo apunguze. Yule mzee wa duka alimtazama, akatoa bati zote na kuongeza misumari.

Na Yonasi hakuishia hapo. Goti lilipopona alipakia baiskeli kwenye basi, akashukia Igawa, akaendesha peke yake hadi Makambako. Hakumwambia mtu ila wewe. Wewe ulikaa na siri hiyo hadi unaondoka, naye akatuambia mwenyewe mwezi wa nne mwaka huu.

Paa uliliona, tunashukuru Mungu kwa hilo. Ulipanda juu mwenyewe na nyundo, mafundi wakikuomba ushuke. Miezi michache baadaye tumbo likaanza kukusumbua, na ulipokubali kwenda hospitali ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Hata kitandani ulimuuliza kila aliyetoka Msangano, "Milango imewekwa? Vitanda vimekuja?" Tulikuwa tunakujibu, "Bado kidogo, Baba." Ulikuwa unafumba macho na kusema, "Wasiache."

Baada ya kukuzika ndipo dada yako mkubwa, shangazi Marita, alituketisha mimi na wadogo zangu, Clement mdogo na Ikupa, akatuambia jambo ambalo hukuwahi kulitamka. Ukiwa na miaka kumi na tisa ulimbeba shangazi kwenye keria ya baiskeli, akiwa na uchungu, kumpeleka hospitali ya mbali. Hamkufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, mikononi mwako, hakuishi. Ulivua shati lako ukamfunga nalo. Ukamrudisha shangazi nyumbani ukisukuma baiskeli kwa miguu, polepole, njia nzima ukimwimbia.

Shangazi alisema, "Hakulizungumza tena, na mimi sikulizungumza. Ila niliposikia anaendesha kwenda Iringa, nilijua anakokwenda."

Tulilia siku ile, Baba. Lakini tulijivuna zaidi ya kulia.

Sasa tukupe habari za nyumbani. Kibanda chako anakiendesha Clement mdogo, na naye anaendesha kila baiskeli hadi njia panda, ila anakwenda kasi mno na Mama anamgombeza. Mama ni mzima. Ikupa amefaulu mitihani yake. Mwalimu Edson ameanza maandalizi ya safari nyingine, maana watu wa Ikinga, kule Ileje, wamemletea barua kwamba nao wana boma lililoishia kwenye lenta. Wamejiandikisha kumi na moja, wawili ni wanawake.

Wodi ilifunguliwa mwezi wa pili. Mtoto wa kwanza kuzaliwa humo alikuwa mnene, wa kike, kwa hiyo jina lako halikumfaa, na bibi yake aliliona hilo kama hasara. Shangazi Marita yuko pale karibu kila siku. Hakuna aliyemwajiri. Anawapikia uji akina mama na kuwashika mkono wakiogopa.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunatoka ibadani, alitupigia simu. Kulikuwa na kelele za watoto nyuma yake hata tukashindwa kumsikia vizuri, akalazimika kutoka nje. Akasema, "Keshokutwa mnamwandikia mdogo wangu, si ndiyo? Mwambieni vitanda vimejaa. Wote wazima, mama na watoto. Mwambieni hivyo tu."

Tumekwambia, Baba.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi Fausta, wanao Witness, Clement na Ikupa, mama yako mzazi, Bibi Enesi, dada yako Marita, ndugu zako wa Msangano, Vwawa na Nakonde, wanakwaya wenzako, pamoja na Mwalimu Edson, Yonasi na wote mlioendesha nao.

Mwaka mmoja umepita na hatujakusahau hata siku moja. Ndivyo itakavyokuwa siku zetu zote.