Mafuta ya Mama Mchuzi

Marahaba, mjukuu wangu Tumaini. Babu yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia.

Umeniuliza nilijuaje kwamba manjano huzuia mafuta kuchacha. Miaka ile serikali iliporuhusu bidhaa za nje, soko letu la Majengo lilijaa krimu za kigeni, na sisi wauza mafuta ya karanga ya kupaka tukakosa wateja. Nikayachemsha yangu na manjano ya shambani ili yang'arishe ngozi. Wenzangu wakanicheka, wakaniita Mama Mchuzi. Lilipokuja jua la Oktoba, mafuta yao yakachacha. Yangu yakaendelea kunukia vizuri. Wanawake wakayagombea, hata waliokwisha kuzoea krimu. Wenzangu wakaja: "Mama Mchuzi, tufundishe basi." Nikawafundisha.

Sokoni hakuna tena anayelijua jina langu la ubatizo, wala silidai.

Ni mimi bibi yako,
Mama Mchuzi