Pumba ya Sungura wa Mama Mudogo

Koko wangu wa Bukavu, jambo sana! Mujukuu wako ni muzima, na uzuri wake haukuungua. Moto wa volcan ulisimama kule Munigi, nafikiri uliniogopa.

Tumbo ndiyo ilitaka kuniua. Tangu waasi wafunge barabara ya Rutshuru, maharagi haifike tena Goma. Hapa Katoyi, kwa Mama Mudogo, tulikula tu mukate na bugali ya unga nyeupe. Tumbo ikafunga, ikavimba kama ngoma. Mwanaume muzima kama mimi, nikalia!

Muuguzi wa hapa akanicheka: «Kijana, ndani ya utumbo muko bakteria, vidudu vizuri. Nyuzinyuzi za chakula weye huwezi kuzisaga. Wao ndiyo wanazikula, na kile wanachotengeneza kinalisha utumbo wako. Umewashindisha njaa!»

Mama Mudogo huchekecha unga, pumba anapea sungura. Nikaanza kuichanganya kidogo kidogo ndani ya bugali yangu, na maji mengi. Akanikuta.

«Weye! Sungura wangu watakula nini?»

«Mama, na mimi niko na mifugo, tena mingi kushinda yako.»

Leo asubuhi tumbo ikafunguka. Nilitoka chooni nikiimba, majirani wakapiga makofi.

Koko, aksanti sana kwa ile unga yako isiyochekechwa. Miaka yote ulitulisha mimi na hawa vidudu vya tumbo yangu, na hukujua uko na wajukuu wengi hivyo. Wote tunakukumbatia.

Bahati wako