Nilimshuhudia Mama Mkwe Kabla Hajabadilika

Mpendwa Mjomba Libère,

Shikamoo. Naomba msaada, na naomba upesi, maana Jumapili ikinikuta bila jibu lako sina ndoa, sina kazi, na kanisani pia sitakuwa na uso wa kurudi.

Mimi ni mwanamke Mtanzania, kwetu Ngara, nimeolewa hapa Kigali na Sangwa, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, tunakaa Niboye na hatuna shida kubwa, mume wangu ni mpole mpaka unaweza kumsahau sebuleni ukazima taa, shida ilianza pale mama yake, Bi Mukunde, alipokuja kutolewa mtoto wa jicho hospitali, akasema anakaa wiki mbili tu apone halafu arudi kwake, Mjomba, huu ni mwezi wa nne. Simchukii, Mungu ni shahidi, lakini naosha sufuria anaziosha tena, nachambua maharage anayachukua anakaa nayo mlangoni penye mwanga anachambua upya, na kila akipata kajiwe anakaweka mezani mbele yangu, hasemi neno, anaguna tu, "Mh!" Glasi anainyanyua dirishani anaizungusha weee, halafu anairudisha kwenye beseni. Juzi mume wangu yuko mlangoni anaenda kazini, mama akamshika kola ya shati nililolifua mimi kwa mikono yangu hii, akasema, "Mwanangu, ndivyo mnavyovaa siku hizi?" na Sangwa, badala ya kunitetea, akarudi chumbani kubadilisha.

Kazini nako moto unawaka. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, ofisi yetu iko ghorofani pale Sonatubes, na bosi wangu Gakwaya hajui kuongea, anajua kupaza sauti tu, lori likikwama mpakani Rusumo basi mimi ndiye nimelikwamisha, "Pamela! Lori liko wapi?" kama vile nimelificha kwenye pochi. Kilichokuwa kinanishikilia ni maombi ya mchana, wenzangu wakienda kula mimi nashuka kanisani kwetu jirani na ofisi, nalia kidogo, naimba kidogo, narudi nina nguvu za kunifikisha jioni, na sikudanganyi Mjomba, yalinisaidia kweli, bila hayo ningeshamrushia mtu mwiko.

Sasa akaja mhubiri mgeni akatufundisha kushuhudia kwa imani, yaani usisubiri muujiza utokee, utangaze kwanza, wenyewe utakuja nyuma yako. Nikashika maikrofoni. Nilikuwa nimefunga, Mjomba, na tumbo tupu na maikrofoni haviendani. Nikasema, "Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Mama mkwe wangu alikuwa simba ndani ya nyumba, leo ni kondoo! Bosi wangu alikuwa radi, leo ananiita dada!" Basi kanisa likalipuka, ngoma zikapigwa, watu wakaruka, mama mmoja akavua kiatu akakipunga hewani, na katika ile furaha nikasahau kusema yale maneno mawili, "kwa imani". Nilipoyakumbuka nilikuwa nimeshakaa, na waliokuwa karibu nami walikuwa wananikumbatia huku wanalia.

Kwaya yetu ina desturi, aliyeshuhudia jambo la nyumbani anatembelewa nyumbani, wamshukuru Mungu pale pale yalipotokea. Mwenyekiti wa kwaya ni Mama Christella, anauza vitenge chini ya ofisi yetu, akanishika mkono akasema, "Dada Pamela, Jumapili ijayo tunakuja wote, tunataka tumwone huyo bibi kondoo kwa macho yetu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akapanda ngazi mpaka kwa bosi wangu kumpongeza, na bosi akaja kusimama mbele ya meza yangu akaniangalia, akasema, "Pamela, nasikia nimeokoka?" Akasema na yeye anakuja Jumapili. Tangu siku hiyo anaanza na tafadhali, "Tafadhali Pamela, LORI LIKO WAPI!"

Sasa sikiliza linaloniua. Nilipomwambia Mama kwamba kuna wageni, akauliza wanakuja kwa nani, ulimi ukateleza nikasema, "Kwako, Mama." Akauliza taratibu, "Kwangu mimi?" Anadhani wanakuja kumpa pole na kumpongeza kwa macho yake kupona. Mjomba, huyu mama ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, hajawahi kutembelewa na kwaya ya walokole maishani mwake, na amefurahi mno. Amefua mushanana wake, vazi lake la sherehe, ameuanika, anaenda kuugusa kila saa kama umekauka. Amemwambia Sangwa alete Fanta kreti tatu. Anajifunza hotuba ya kuwajibu, namsikia chumbani, "Wageni wetu wapendwa..." Na kwangu amebadilika, ananiita mwanangu, sufuria haziguswi tena, leo asubuhi ameniwekea chai kwenye chupa niende nayo kazini na kitambaa amekifunga juu isimwagike. Amekuwa kondoo kweli! Nimelia njia nzima kwenye pikipiki mpaka dereva akasimama akaniuliza nani amefariki.

Ila Jumapili watasimama mmoja mmoja kutoa hotuba, unajua hapa hakuna mgeni anayekunywa Fanta bila hotuba, na kila mmoja atasema wamekuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya bibi aliyekuwa simba. Atayasikia hayo amekaa kwenye kiti chake, mbele ya mwanawe, amevaa mushanana. Hatanisamehe, na mume wangu hatanisamehe. Nifanye nini? Nijilaze niseme naumwa? Nikimbilie Kabuga kwa rafiki yangu Cynthia mpaka Jumatatu? Au nizidishe kufunga, Mungu alete mvua kubwa Jumapili?

Nakuomba usiichapishe barua hii, nijibu kwa simu, maana Mama tangu macho yafunguke anasoma gazeti lenu kuanzia jina mpaka matangazo ya vifo, na anaanza na ukurasa wako.

Mimi, Mkwe Anayetetemeka, Niboye.

*

Mkwe Anayetetemeka,

Marahaba. Nimekupigia simu, umekata. Nimekupigia tena, umekata ukaniandikia, "Niko kwenye maombi." Yewe! Unaomba nini tena, mama, na jibu ndilo linapiga simu?

Pole. Nasema pole ya kweli kabisa. Mtu anayepigiwa kelele mchana na kuguniwa jioni ana haki ya kutafuta mahali pa kulilia, na wewe ulipata pazuri. Usiache hayo maombi. Anayekucheka kwa kushinda njaa kanisani mwambie aje akae na Gakwaya wiki moja, atafunga bila kuambiwa.

Lakini hebu nikukamate sikio kidogo. Ulipata nguvu ya kusimama mbele ya kanisa zima ukamwita mama wa watu simba. Ukakosa nguvu ya kusimama jikoni ukamwambia, "Mama, ukiguna naumia." Hiyo nguvu unayomlilia Mungu kila mchana alishakupa, binti yangu. Umeimalizia kwenye maikrofoni.

Na sasa unataka mvua! Wakulima wa nchi nzima wanaomba mvua ya mahindi, wewe unaiomba izuie kwaya. Kwaya yenyewe naijua aina yake, itakuja na miavuli.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona kitu ambacho wewe uliyekiandika hukukiona. Mama alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Halafu akaanza kuziangalia sufuria. Akayapeleka maharage kwenye mwanga. Akainyanyua glasi dirishani akaizungusha. Akaona weusi kwenye kola ya mwanawe. Mkwe wewe, huyo mama ANAONA! Miaka mingapi alikuwa anachambua maharage kwa kupapasa? Miaka mingapi mwanawe alikuwa kivuli mlangoni, na siku hiyo ameiona kola yake, na shingo yake, na uso wake? Kale kajiwe alikokuwa anakuwekea mezani, labda alikuwa anakusuta. Na labda alikuwa anakuonyesha: tazama, nimekaona. Sijui. Wewe pia hujui, maana hukumuuliza, ulikuwa mbioni kwenda kumshuhudia. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini wewe nakuambia.

Muujiza ulikuwa nyumbani kwako miezi yote hii unaosha masufuria, na wewe ukaenda kanisani kutunga mwingine.

Sasa fanya ninavyokuambia. Kabuga huendi. Mtu anayekimbilia Kabuga hurudi kwa basi lile lile, na aibu yake imekaa kiti cha pembeni. Kuumwa pia huumwi, mama atakuuguza kwa upendo na utakufa kwa haya kabla ya kwaya kufika.

Leo jioni chukua maharage yasiyochambuliwa, kaa naye pale mlangoni penye mwanga, mchambue pamoja. Umwambie yote. Simba, kondoo, kwaya, yote. Usianze na kilio, maana ukilia yeye ndiye ataanza kukubembeleza na neno halitasemwa. Usiseme ulikuwa unatania. Mwambie ulichokisema, mwambie kwa nini kilikutoka, mwambie na ile "Mh!" inavyokuchoma. Halafu nyamaza, umwache aseme. Anaweza kukasirika. Ana haki. Anaweza kunyamaza mpaka maharage yaishe, na wewe usinyanyuke hapo. Mumeo mwambie baada yake, siyo kabla, asije akatumwa kuwa mjumbe. Mpole hawezi kazi hiyo.

Mama akishajua, nenda kwa Mama Christella ukamwambie hivi: nilishuhudia yasiyokuwa yametokea, naomba mje kwa yaliyotokea. Atafoka. Wenye kwaya hufoka kisha huimba. Kisha Jumapili, mama akikubali, usimame wewe wa kwanza kabla ya hotuba yoyote, useme: huyu ni mama yangu, alikuwa haoni na sasa anaona. Basi, ukae. Hapo hutahitaji kuongeza "kwa imani". Na yeye atoe ile hotuba yake aliyojifunza, hata ikiwa ndefu kama ibada.

Bosi naye aje, anywe Fanta. Jumatatu mwambie, "Bosi, nilisema nilichokuwa nakitamani. Lori likikwama, muulize dereva, mimi siyo barabara." Atakasirika? Amekasirika tangu umjue, hatakuwa ameanza jipya. Ila hiyo tafadhali yake usiidharau, mtu huanza na neno moja.

Mwisho, umeniomba nisichapishe. Majina yote nimeyabadilisha, na lako pia. Lakini sufuria, na kajiwe, na mushanana kwenye kamba siwezi kuvibadilisha, barua haitabaki na kitu. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa simu mapema, na nimeona umelisoma. Gazeti litafika Niboye Ijumaa mchana, na mama macho yake sasa ni mazuri kuliko yangu.

Litangulie.

Mjomba Libère