Mpelelezi Aliyekataa Kahawa

Rudayna uko wapi?? Nimechumbiwa! Nimechumbiwa na FAILI LA POLISI 😭

Amu Mutasim, yule mpelelezi rafiki wa Baba, katoka kwetu sasa hivi. Meya anataka Baba, mpinzani wake, afungwe kwa "uchochezi" kabla ya uchaguzi, na kesi kakabidhiwa Amu.

Baba akammiminia kahawa. Kikombe akakiweka chini! "Sinywi mpaka unipe nilichokuja kuomba." Baba akapauka, akajua ataambiwa ajitoe kwenye uchaguzi.

"Nipe binti yako, nimposee mwanangu Ghaith."

Binti yako. Yaani MIMI. Na Ghaith ni yule yule wa masikio makubwa!

"Mutasim, una wazimu?"

"Sheria hainiruhusu kumpeleleza mkwe wangu."

"Si kesi watampa mpelelezi mwenzako Sufyan?"

"Sufyan kaoa mpwa wako! Kituo kizima ni mimi tu nisiye ndugu yenu."

Baba, ambaye hajawahi kumkatalia mgeni, akageuka kunitazama nilipokuwa mlangoni. "Ndiyo" hakuthubutu kuitamka kwa niaba yangu.

Nikasema, "Kunywa, Amu, isipoe. Nimekubali uchumba mpaka siku ya kura. Baada ya hapo Ghaith aje kuomba mwenyewe, tena ajiandae kukataliwa."

Akanywa yote kwa funda moja, shoga. Aliyelia ni Baba.