Niliinama Darasani, Sasa Wazee Wameleta Posa

Bi Zuwena, shikamoo. Naomba msaada wako haraka, maana Ijumaa wazee wanarudi kuchukua jibu na mimi sijui nicheke au nilie. Naitwa Samiha, wa hapa Usagara, natembeza watalii kule Pangani, na kwa kuwa Wafaransa hawakosekani nikajiunga na darasa la jioni la Kifaransa kwa mwalimu Mudathir, kijana mpole, nadhifu, sauti yake hata akikukosoa unatamani ukosee tena. Juzi alitufundisha kusema mambo ya "ningekuwa", akaeleza kwamba baada ya "si", yaani "kama", kitenzi kinakaa kwenye imparfait, ile ya wakati uliopita, na kinachofuata kwenye conditionnel, ile ya "nge", viishio ni vilevile ila kwa cha pili unavibandika kwenye kitenzi kizima bila kukikata, basi akanigeukia mimi mbele ya watu wote akauliza: "Si je venais chez vous, tu accepterais?" Kama ningekuja kwenu, ungekubali?

Wallahi Bi Zuwena, nilielewa ninachoulizwa, moyo ukanienda mbio, lakini ulimi ukagoma, "ningekubali" ni j'acceptais au j'accepterais, nikainamisha kichwa nichungulie kitabu cha jirani, darasa zima likapiga makofi! Wiki haijaisha wazee wake hao kwa bibi yangu anayenilea, wanasema binti kaulizwa, kainama, kanyamaza, basi karidhia. Bibi kapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Sasa nikisema nilikuwa natafuta kiishio tu, Mudathir akiona aibu akaondoka, je? Na nikinyamaza, ndiyo niolewe kwa sababu nilisahau somo?

Samiha, Usagara

Marahaba, mwanangu. Loo! Umenichekesha mpaka chai ikanipalia. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema humtaki, sijapaona. Sauti umeisifu, upole umeusifu, unaogopa asiondoke. Sasa unaniuliza nini?

Mudathir naye ana lake. Mwanamke haposwi katikati ya somo, wenzake wakisubiri zamu zao. Na kunyamaza kwa binti ni ridhaa anapoulizwa na wakubwa wake nyumbani, si na mwalimu mbele ya ubao. Bibi yako anayajua hayo, ni furaha tu imemzidi.

Hata hivyo, usiingie kwenye ndoa kwa jibu ambalo hukulitoa. Mwambie bibi ukweli leo hii, kabla hajaeneza habari mpaka Mkwaja. Kisha Mudathir aitwe barazani, bibi akae mlangoni, na umweleze ulikuwa unatafuta nini ulipoinama. Naamini atacheka. Asipocheka, afadhali umjue mapema.

Halafu akuulize upya, kwa Kiswahili, bila "kama" wala "ningekuja", maana keshakuja. Nawe kichwa juu, mtazame, umjibu kwa sauti mpaka bibi asikie. Hilo la j'accepterais mtalimalizia nyumbani kwenu.