Petroli Uliyoiacha Kwenye Tangi

Mpendwa Baba Kendi,

Kuna kijana wa Kiritiri anayeitaka pickup yako. Alikuja juzi, akaizunguka, akayapiga magurudumu teke kama wanavyofanya wanunuzi wote, kisha akaniuliza: "Mathe, hii ikivuta mashua inakula mafuta aje?" Nilicheka mpaka nikashikilia mlango wa gari. Maskini, alidhani namcheka yeye. Angejuaje kwamba hilo swali ndilo tulilogombania maisha yetu yote?

Nilimwambia arudi Jumamosi. Ukweli ni kwamba pickup haijatoka uani tangu utuache, na ndani ya tangi imo petroli uliyoitia wewe mwenyewe pale Embu, siku ile tukitoka kliniki. Ulimwambia yule msichana wa kituoni ajaze kabisa. Nilikuuliza tunaenda wapi na tangi limejaa hivyo, ukasema ukipata nafuu tutavuta mashua hadi kwenu Muthara, wajukuu waione, maana watoto wa mlimani wanajua samaki wa kwenye kitabu tu. Hukupata nafuu. Muthara ulienda kwa gari la kukodi, tukakulaza kwenye shamba la baba yako, nami nikarudi huku bwawani peke yangu.

Sasa ndugu yako Gitonga ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. "Shemeji, nyumbani kwa mwanamke ni kwa bwanake. Uza hiyo gari, funga huko, ukuje. Shamba yako iko, hakuna mtu ameguza." Hanisukumi kwa ubaya, na kwa mila zenu ana haki. Binti yetu Kendi, aliye huko na wajukuu, naye anataka nipande, awe karibu nami. Kila mtu anajua kwangu ni wapi isipokuwa mimi. Nikiamka nafungua kifuniko cha tangi, nanusa, nafunga. Jirani aliomba lita moja ya pampu yake ya maji nikamwelekeza kituoni, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwa tangi lililojaa. Nilikuwa nakuwekea wewe, nadhani. Au nilikuwa naogopa kwamba ikiisha, umeisha.

Unakumbuka ulivyokuja kunichukua? Baba yangu hakutaka kunitoa kwa mtu wa Meru. Hakusema hapana, maana mtu mzima hamfukuzi mgeni. Alisema tu kwamba mbuzi anao wa kutosha, na kwamba tangu bwawa lijae na kumeza malisho yake, kitu anachokosa ni mashua. Alijua kwenu hakuna hata kidimbwi cha kuogea bata. Alitarajia uende na usirudi. Wewe ukaenda kwa seremala mjini Meru ukamwagiza mashua, wewe ambaye mpaka unafariki hukujua kuogelea.

Habari za njiani ulinisimulia wewe, na kila mara zilikuwa ndefu zaidi. Pickup nyuma ilijaa ndizi, viazi, mbuzi wa kuongezea na akina mama wa kwenu wakiimba. Wazee wanne wa ukoo, na makoti yao na kofia, walitazama mbuzi, wakatazama akina mama, wakaona heshima yao haitoshi hapo. Wakapanda kwenye mashua. Mashua juu ya trela, wazee ndani ya mashua, bakora zimesimama, na barabara ya Meru kwenda Embu ndiyo ile ya kushuka mto na kupanda, kushuka mto na kupanda. Kwenye kila mlima pickup ililia gia ya kwanza. Gitonga, akiwa kijana bado, alikunong'onezea uwaombe wazee washuke watembee kidogo, petroli inakwisha. Ukamwambia, "Mzee haambiwi ni mzito." Ukaendelea kukanyaga mafuta. Kituo ulichokitegemea Embu kilikuwa kimekauka, na barabara ya vumbi ya kuja kwetu ikakumalizia tone la mwisho.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mama alinituma na ndugu zangu twende na ng'ombe, maana habari zilikuwa zimetutangulia kwamba kuna wageni wamekwama barabarani wakiwa ndani ya mashua. Sikuamini hadi nilipoona. Nchi kavu, vumbi, migunga, na wazee wanne wamekaa ndani ya mashua kimya, kama watu waliopewa habari ya gharika kabla yetu. Wewe ulikuwa umesimama kando umeinamisha kichwa. Ndugu yangu Njeru alikuuliza kama uliwasahau huko ndani. Hukujitetea. Ulisema tu, "Hesabu ni yangu. Niliwaza ya gari tupu." Hukutaja uzito wa mtu yeyote, hata wakati mzee mmoja alipokulaumu kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi hawajui kupima mafuta.

Tukafunga ng'ombe mbele ya pickup. Wakavuta pickup, pickup ikavuta mashua, na wazee hawakushuka. Wewe ulikuwa kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha, ukiwaambia ng'ombe pole. Kwa Kimeru. Ng'ombe wa kwetu Mbeere.

Baba alitungoja getini. Alitazama msafara ule mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii mahari nimejivutia mwenyewe." Akacheka, na alipocheka nikajua nimeolewa. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshakata shauri kule barabarani. Mwanamume anayekubali kuaibika mbele ya wakwe ili mzee wa watu asiaibike, nilijiambia huyo nikizeeka hataniambia mimi ni mzito.

Nilikosea hapo. Uliniambia kila safari. Tulipoanza kuvua wenyewe na kuvuta mashua kutoka bwawa moja hadi lingine tukifuata samaki, ulikuwa bahili wa petroli kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Turubai lifungwe vizuri, upepo usiingie kwenye mashua. Maji yote yamwagwe chini kabla ya kuondoka. Madirisha juu, hata tukiiva. Mguu mwepesi, mwendo wa maiti, na trekta zikitupita. Nikibeba kikapu changu cha maembe unakitazama kwa jicho la pembeni.

"Mama Kendi, hayo maembe yanakunywa."

"Na wazee wanne, hawakunywa?"

Hapo unarudi kwenye gia zako mpaka mlima uishe. Kitu kimoja tu sikukubali, mchezo wa kutoa gia kwenye mteremko ili gari liteleze bure. Trela ikikusukuma kutoka nyuma haikuulizi uliokoa nini. Ulijaribu mara moja, nikafungua mlango nikasema natembea, na hukurudia tena. Nilikasirika nawe sana katika ile pickup, Baba Kendi. Nilikupenda sana humo pia. Sijui mahali pengine tulipoongea kama humo.

Basi. Mwanao Mutuma alikuja Ijumaa na betri mpya. Akaniambia, "Mum, petrol ikikaa inaharibika. Either tutumie ama tumwage." Nilipomsikia akisema tumwage, nilijua la kufanya. Nikamwambia afunge trela, tunapeleka mashua Muthara.

"Na mashua? Mum, itakunywa yote."

"Wacha inywe."

Sikumwambia shauri langu. Nitakuambia wewe. Nilikuwa nimeamua kwamba petroli ndiyo itakayosema. Nilijua tangi haliwezi kufika Muthara na kitu cha maana. Ikiishia huko kwenu, pickup itauzwa huko huko, nami nitabaki, kama Gitonga anavyotaka. Niliona kwamba umeniwekea mafuta ya kukufuata, na nani atabishana na marehemu. Niliweka nguo zangu nzuri kwenye sanduku. Nilifunga nyumba, nikampa jirani kuku.

Nilikaa mahali pangu. Mutuma akaendesha kama wewe, Mungu anisamehe, kama wewe kabisa. Nilimwambia aongeze mwendo, mtoto akatikisa kichwa. "Siwezi, Mum. Mguu umekataa. Dad alitufundisha hivyo, ni kama yuko hapa nyuma." Turubai lilifungwa bila mimi kusema. Madirisha juu. Tukashuka mito yote ile na kupanda, na kwenye kila mlima nilijikuta nashika dashibodi, nikisubiri injini ikohoe. Tulipita Gakoromone watu wakasimama na mizigo yao kutazama mashua ikipita sokoni. Mama mmoja akauliza tunahamia wapi. Nikampungia mkono tu.

Muthara tulifika jua lingali juu. Watoto waliparamia mashua kabla trela haijasimama, wakajipanga ndani, wakapiga makasia hewani katikati ya migomba. Ungewaona ungefurahi. Gitonga alitoka akanikumbatia, akasema chumba changu kimeshapakwa rangi. Nami nilikuwa bado kwenye mlango wa pickup.

"Mutuma, imebaki kiasi gani?"

Aliwasha, akaangalia, akagongagonga kioo. "Inasema nusu. Ni kama geji imekwama." Akachukua ufito safi, akautumbukiza kwenye tangi, akautoa. Ulikuwa umelowa hadi katikati. "Hapana, ni ukweli. Iko ya kurudi."

Nilikaa chini, Baba Kendi, hapo hapo kwenye nyasi, nikalia mbele ya watu wote. Siku ile ya kliniki ulikuwa umechoka hata huwezi kufunga mkanda, na bado ulikuwa unapiga hesabu. Ulijua uzito wa mashua, ulijua milima, na najua sasa kwamba ulijua pia ni nani atakayerudi peke yake. Miezi yote hii nilidhani umeniachia petroli ya kuja.

Nimemwambia Gitonga kwamba Muthara ni kwangu na nitakuwa nakuja, lakini sihami. Aliutazama ule ufito, kisha akasema, "Sawa, shemeji. Yeye ndiye amesema." Kijana wa Kiritiri nimempigia atafute gari lingine. Nimekaa kando ya kaburi lako namalizia barua hii niliyoianza kule bwawani, na Mutuma anafunga turubai. Kendi amenipa mkungu wa ndizi nibebe, na nimeukubali, hata kama unakunywa.

Lala hapa kwenu kwa amani, baba watoto. Mimi naenda nyumbani.

Mke wako,
Mama Kendi