Aliyepangiwa Kukosea

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, viatu ulivyonipa bado vinanivusha, na sauti imerudi baada ya wiki nzima ya maji ya moto. Mama akiuliza, mwambie hayo hayo.

Wewe nakwambia ukweli. Jana mkaguzi wa chuo alikuja kunitazama nikifundisha kidato cha pili. Juzi, kwa woga, nilikuwa nimeshalifundisha somo lile lile zima, nikampangia kila mtu jibu lake, hata nani akosee swali la kwanza ili ionekane kweli. Basi nikauliza. Kimya! Yule binti mpole wa dawati la mbele akasimama, akasema kwa adabu zake zote: "Samahani mwalimu, aliyepangiwa kukosea hajaja leo. Nikosee mimi?"

Mkaguzi akafunga daftari lake. Hakulifungua tena.

Dada, niweke wapi uso wangu? Mtaa mzima umeshaanza kumwita mama Mama Mwalimu. Na kinachoniuma zaidi, wale watoto hawakunikosea lolote. Miezi miwili nimefundisha, na hilo ndilo somo pekee walilolishika lote.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo sijatoka chumbani.